Wazee walitoa vyuma, nyie mnabandika

Mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu wote.

Nimeisoma ile barua ya ndugu yetu wa Mwanza mliyoitoa, aliyesema eti ratirodi ndo hotirodi ya kweli na zile zingine zenye rangi ya kung'aa ni michezo ya matajiri wastaafu, na akamalizia kwamba ana Land Rover 109 ya marehemu babu yake imelala uani anataka kuikata aifanye ratirodi. Nikasema hapana, hii siiachi ipite hivi hivi. Mi ni fundi wa kuchomelea, naishi Louisville huku Kentucky, Marekani, na mji huu kila mwezi wa nane uwanja wa maonyesho unafurika magari ya kizamani ya NSRA, chama cha wenye hotirodi cha Marekani, mpaka barabara za kuzunguka pale hazipitiki, ukiwa fundi wa hapa hata ukwepe vipi utaletewa tu kazi zao. Kwa hiyo haya magari siyajui kwa picha tu, nalala chini yake.

Kwa ambao hawajui tunagombania nini: hotirodi ni gari la zamani, mara nyingi Ford la miaka ya 1920 na 1930, limepunguzwa vitu, limeshushwa chini, likatiwa injini yenye nguvu kuliko ile liliyozaliwa nayo. Ratirodi ni gari la ukoo huo huo ila limeachwa na kutu yake, halina rangi, weldi zote ziko nje unaziona, halafu juu yake pamebandikwa kila kilichookotwa, minyororo, mafuvu, pipa la bia limegeuzwa tangi la mafuta, spana imekuwa pedali. Wenye ratirodi wanawacheka wenzao kwamba gari lao linabebwa na trela haliendeshwi, wenye hotirodi za asili nao wanajibu nyie mnaendesha skrepa, na pande zote mbili zinaapa kwamba ndo warithi halali wa wale vijana wa California.

Haya, tuwaangalie hao vijana basi.

Kusini mwa California kuna maziwa yaliyokauka, Muroc na El Mirage, ardhi ngumu tambarare mpaka macho yanachoka. Vijana walikuwa wanaenda huko kushindana mwendo tangu kabla ya vita kuu ya pili, na mwaka 1937 klabu zao zikaungana zikaunda chama, SCTA, ili muda upimwe kwa utaratibu. Hela hawakuwa nazo. Ila Ford alikuwa ametengeneza Model T zaidi ya milioni 15 mpaka 1927, zimezagaa kila yadi ya chuma chakavu, unaipata kwa bei ya kutupa. Halafu 1932 akatoa V8, injini ya silinda nane, ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua, nguvu za farasi 65, leo pikipiki kubwa inaizidi lakini enzi hizo ilikuwa balaa, na baada ya vita wakarudi vijana wengine waliofundishwa jeshini kuchomelea na kufungua injini, mikono inawawasha. Hapo ndo mambo yakapamba moto.

Sasa ndugu wa Mwanza hapa yuko sawa kabisa, walikuwa watu wa kuunga unga. Gari nyingi zilikuwa na praima tu, ile rangi ya kwanza ya chini, mlango rangi hii, bodi rangi ile. Lakini angalia walifanya nini na hizo senti. Madigadi waliyatoa kwa sababu yana uzito. Bampa, taa, kioo cha mbele, wakifika ziwani wanafungua vyote wanaweka pembeni, wakimaliza kushindana wanafunga tena wanarudi navyo nyumbani. Paa walilikata likashuka ili upepo ukose pa kushika. Ukimuuliza mmoja wao kitu fulani kimeenda wapi na kwa nini, alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa lile lile: mwendo.

Na breki je? Ford alichelewa sana kwenye breki, mpaka 1938 gari zake zilikuwa bado zinasimamishwa kwa fito na waya, 1939 ndo akaweka za mafuta. Kijana wa 1946 mwenye Ford ya 1932 akipata hela kidogo anaenda yadi ya chakavu kutafuta breki za Ford ya 1939 au ya miaka iliyofuata, anazihamishia kwake. Rangi inasubiri. Hilo watu wa ratirodi huwa hawalisemi, wanakwambia tu walikuwa hawapaki rangi, hawakwambii hela ya rangi ilikwenda wapi.

Nampenda sana mmoja anaitwa Bill Burke. Huyu alikuwa vitani huko Pasifiki akawa anaona yale matangi ya ziada ya mafuta yanayoning'inizwa chini ya ndege, vita vikaisha, 1946 akajipatia tangi moja la ndege ya P-51 lililokuwa linauzwa kama chakavu, akalifanya ndo bodi ya gari lake la mashindano. Tangi la ndege jamani! Kama ratirodi ni kutumia ulichookota basi huyo ndo baba yao. Lakini Burke hakuliweka ili watu wampige picha, aliliweka kwa sababu umbo lile linapasua hewa, na baada yake wengine wengi wakafuata, mpaka leo magari ya namna hiyo yanakimbia kwenye chumvi ya Bonneville kule Utah. Kiliokotwa, sawa, ila kilikuwa na kazi. Sasa niambie ule mnyororo mzito uliochomelewa ukawa usukani una kazi gani. Nganya, ile matatu ya Nairobi, ikijazwa spika na michoro naielewa, inatafuta abiria. Ratirodi inatafuta nini zaidi ya simu za watu?

Nisiwe mbaya lakini. Hizi ratirodi zilipoanza kuvuma miaka ya 1990 zilikuwa na hoja. Hotirodi zilikuwa zimeharibiwa na pesa, watu wanachonga rimu na vioo vya pembeni kutoka kwenye bonge la aluminiamu, rangi laini za waridi, viti vya ngozi, kiyoyozi, gari limezungushiwa kamba na kibao usiguse. Kuna maonyesho makubwa ya hotirodi yalianzia Oakland mwaka 1950, siku hizi yako Pomona, huko huko California, kombe lenyewe lina urefu wa futi 9, sasa wewe kijana unayelipwa kwa saa kiwandani unaanzia wapi kushindana na mtu anayemlipa fundi miaka mingi ili apate kombe refu kuliko mlango? Mtu akasema basi, mi nachukua Ford Model A iliyooza, natia injini ya Chevrolet iliyotoka kwenye pikapu, naendesha leo. Hiyo roho naiheshimu mpaka kesho.

Na wale wa asili nao wana vituko vyao, tusidanganyane. Kuna wanaotembea na kalenda kichwani, kitu chochote kilichotengenezwa baada ya 1965 ni haramu, watabishana mpaka aina ya kichwa cha skrubu, wakati huo huo bodi ya Ford ya 1932 anayojivunia ni ya chuma kipya kabisa imetoka kiwanda cha Brookville hapo Ohio, gari la 1932 lililozaliwa juzi. Na hao wazee wanaowaabudu hawakuwa na mambo ya kalenda. Chevrolet ilipotoa V8 yake ndogo mwaka 1955 wengi waling'oa ile V8 ya Ford wakaitupa bila hata kuiaga. Kipya kina kasi zaidi, kinaingia, kwisha habari.

Kwa hiyo ugomvi wangu mi sio rangi. Gari la praima nalipenda, la kutu ya miaka 80 iliyokuja yenyewe kwenye boma la mkulima huko Kansas nalipenda pia. Shida yangu inaanza pale kutu inaponunuliwa. Wananyunyizia siki na chumvi na ile dawa ya maji ya kusafishia vidonda kwenye chuma kilichopigwa msasa safi kabisa, wanaanika juani, kutu inatoka ya rangi ya chungwa nzuri kabisa, halafu wanaifunika na klia, ile vanishi ya juu isiyo na rangi, isiyong'aa ili isiendelee kula. Nililetewa mlango umetolewa gari lingine, mzima, una rangi yake ya bluu haina hata mkwaruzo, mwenyewe anataka niufanye ufanane na mwingine uliooza. Nikafanya, hela ni hela, lakini klia peke yake ilimgharimu kuliko ambavyo angepaka rangi tu. Huyo naye anamcheka mwenye trela?

Na bado hiyo ni ya juu, haiui mtu. Twende chini.

Gari moja lililetwa hapa, mwenyewe anataka nimuongezee kishikio cha eksozi tu, nikaingia chini nikiwa na taa. Shafti ya stelingi inapopinda kukwepa injini panatakiwa pakae krosi ya kiwandani, kile kiungo kinachoiacha shafti izunguke hata ikiwa imepinda. Nimekuta mtu kachukua soketi za spana, zile zile za kufungulia nati, kazichomelea pande mbili ndo zikawa krosi. Weldi yenyewe imekaa juu juu, haijaingia kwenye chuma, ukiigusa na ncha ya bisibisi inachomoka vipande. Chesisi imeshushwa mpaka iko chini kuliko ukingo wa rimu, maana yake tairi ya mbele ikipasuka kinachogusa lami kwanza ni chesisi, na hapo uko barabara kuu na watoto wa watu. Nikamuita mwenyewe nikamwonyesha. Akacheka, akasema "come on, it's a rat rod", yaani ndivyo inavyotakiwa iwe. Nikamwambia krosi ya maana haifiki hata bei ya hilo fuvu la kromu ulilovisha gia, akasema atafikiria. Nilikataa kuligusa, akaondoka nalo, na sijui nani alimfungia hicho kishikio chake.

Hiyo kauli ndo inayonichosha. Mzee wa 1948 ukimwonyesha weldi mbovu angeona aibu, kwa sababu kesho yake anaenda kukanyaga mafuta mpaka mwisho kule ziwani na gari hilo hilo. Huyu wa sasa ubovu kaupa jina, na jina likawa kinga. Hao NSRA wana ukaguzi wa usalama wa vipengele 23, ni hiari, unapeleka gari wanaangalia stelingi, breki, taa na mengine, hawaulizi rangi, hawaulizi kutu. Ratirodi iliyojengwa vizuri inapita vizuri tu, na nimeshaona zilizojengwa vizuri kuliko hizo za kwenye kamba, jamaa wa namna hiyo wapo na ni mafundi hasa. Ila kwenye ule mstari wa ukaguzi hawajai. Wengi wako upande wa pili kwenye picha.

Sasa ndugu wa Mwanza, nirudi kwako na hiyo 109 ya babu. Kwanza bodi ya Land Rover karibu yote ni aluminiamu, haitakupa kutu nyekundu hata uimwagie siki mwaka mzima. Kutu yake iko kwenye chesisi, kule kule usikoitaka, na usiku na mchana inakula kuanzia ndani ya boksi kuja nje, kwa hiyo ukiiona kwa macho ujue imeshakula muda mrefu. Kabla hujashika grenda ya kukata paa chukua nyundo ndogo, ingia chini, gonga mhimili wa nyuma kabisa pale tela inapofungwa, gonga ile mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, halafu gonga pale springi zinaposhikwa na chesisi. Ikilia vizuri endelea. Ikitoa sauti ya kufa au nyundo ikazama, hiyo sehemu ikatwe yote mpaka ufike kwenye chuma kizima ndo uchomelee kipande kipya, usiweke kiraka juu ya kutu hata fundi akikuapia. Kisha breki, kisha stelingi. Ukishamaliza hapo hata ukitaka kubandika mafuvu kumi na mbili ya mbuzi kwenye boneti mi sina neno.

Na wewe mhariri nina ombi moja. Mkitoa tena picha za magari haya msipige ya mbele tu na jua linazama nyuma yake. Mwambieni mpiga picha alale chini apige na ekseli ya mbele na stelingi inapoingia, muiweke hapo pembeni hata kama ndogo, sisi wengine tutaisoma hiyo kabla ya maneno.

Wenu,
Fundi wa kuchomelea,
Louisville, Kentucky