Barua ya wazi kwa Waziri wa Utumishi: Folio namba 8 haipo

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Dodoma.

YAH: KUMBUKUMBU ZINAZOPOTEA NDANI YA OFISI ZETU

Mheshimiwa Waziri, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtunza kumbukumbu mstaafu. Nilianza kazi nikiwa karani wa masjala, yaani chumba cha kutunzia majalada ya ofisi, nikaenda kusomea kazi hiyo Tabora, nikarudi kwenye majalada mpaka nilipofikisha miaka 60. Nakuandikia kwa ajili ya mwalimu mmoja, mama wa watu, aliyeajiriwa mwaka 1984 na kustaafu mwaka 2022. Alipofuatilia mafao yake, halmashauri yake ilimwambia alete barua ya kuthibitishwa kazini. Nakala aliyokuwa nayo nyumbani ililowa mvua za masika, wino ukatoka wote. Akaambiwa jalada lake limeangaliwa na barua hiyo haimo. Aende, arudi wiki ijayo. Alirudi wiki ijayo, na nyingine, na nyingine, kila safari kwa nauli ya kukopa.

Alikuja kwangu kwa sababu tunasali pamoja. Kwa ridhaa yake na kibali cha mkuu wa idara, nilikaa na kijana wa masjala tukalifungua jalada. Nilifanya nilichofundishwa siku ya kwanza kazini: nilipita na kidole kwenye kona ya juu ya kila karatasi nikihesabu folio, yaani namba ambayo kila barua hupewa inapoingia jaladani. Folio 6, folio 7, folio 9. Folio 8 haipo. Nikarudi kwenye karatasi ya dokezo, ile ya ndani ya jalada ambayo maafisa huandikia maelezo yao, na pale, kwa mwandiko wa afisa ambaye sasa ni marehemu, palikuwa na mstari mmoja: barua ya kuthibitishwa, folio 8, imetumwa.

Kumbe barua iliwahi kuwepo. Tukaanza kuitafuta, na ilituchukua nusu siku. Miaka ile jalada kuu liliwahi kwenda kwa wakaguzi likakawia kurudi, na masjala ikafungua jalada la muda, kama taratibu zinavyotaka. Lakini jalada la muda lilifunguliwa kwa jina la mume wake, kuu likiwa kwa jina la baba yake. Jalada kuu liliporudi, hakuna aliyeyaunganisha. Tuliikuta barua humo, imeshikwa na pini iliyokula kutu mpaka karatasi ikatoboka.

Sasa sikia hili, Mheshimiwa, maana ndilo lililoninyima usingizi. Jalada hilohilo lilikuwa limeshaskaniwa na kuingizwa kwenye kompyuta. Nilimwomba kijana anionyeshe. Kwenye skrini kurasa zilikuwa zimepewa namba upya na mashine, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila pengo lolote. Aliyeskani alikuwa wa mkataba wa muda mfupi na hakuna aliyemweleza folio ni nini. Kwa hiyo jalada la karatasi lilikuwa linatuambia kwamba kuna kitu kimepotea, na la kompyuta lilikuwa linatuambia kwamba hakuna kilichopotea. Laiti karatasi zingekuwa zimeteketezwa baada ya kuskani, mama yule asingekuwa na pa kushika.

Siandiki kupinga mifumo ya kielektroniki. Nimeona ofisi ambazo barua inasajiliwa asubuhi na mchana iko mezani kwa mhusika, na anayetaka kujua imefika wapi anajibiwa papo hapo. Hilo ni jambo jema na lazima liendelee. Ninachosema ni kwamba kompyuta inapokea kile masjala inachoipa, na masjala zetu nyingi tumeziacha zife. Nimeshuhudia mtumishi aliyekosana na bosi wake akihamishiwa masjala kama adhabu. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inamtaja mkuu wa ofisi ya umma kuwa ndiye anayewajibika na kumbukumbu za ofisi yake, lakini katika miaka yangu yote kazini sikuona mkuu hata mmoja akiulizwa habari za masjala.

Na siku hizi barua nyingi hazipiti masjala kabisa. Agizo linatoka usiku kwenye kundi la WhatsApp, linatekelezwa asubuhi, fedha zinatumika, na hakuna karatasi. Mkuu wa idara akihamishwa anaondoka na simu yake, na ofisi inaondoka naye. Anayekuja anaanza kumpigia mwenzake aliyeko mkoa mwingine: mkataba ule tulikubaliana nini? Mwananchi naye, kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, akiomba taarifa anapaswa kujibiwa ndani ya siku 30. Afisa atamjibu kutoka wapi, kama jibu liko kwenye simu ya mtu aliyehama?

Ninaomba, kwa heshima zote, utoe waraka kwa waajiri wote. Kabla ya jalada lolote kuskaniwa, mtunza kumbukumbu mwenye mafunzo alikague folio kwa folio, aunganishe majalada ya muda, aandike mapengo anayoyakuta, na namba za folio zibaki kama zilivyo hata ndani ya mfumo. Agizo la kikazi lililotolewa kwa simu liandikwe dokezo na liwekwe jaladani. Na mtumishi anayehama asipewe barua ya kuondoka mpaka masjala isaini kwamba imepokea alivyokuwa navyo, vya karatasi na vya kwenye kompyuta. Mambo hayo hayahitaji mfadhili. Watu wa kuyafanya wapo, wengine wanapigishwa photokopi tu.

Mwalimu wangu alilipwa, baada ya miezi mingi. Katika masjala ileile niliwaona wazee wengine wamekaa kwenye benchi la nje, bahasha za kaki mapajani, wakisubiri kuambiwa warudi wiki ijayo.

Utakapokuwa ziarani, Mheshimiwa, nakuomba uingie masjala moja bila taarifa. Omba jalada la mwalimu au muuguzi yeyote aliyeajiriwa kabla ya mwaka 1990, mwambie mtunza kumbukumbu asimame nawe, kisha mhesabu pamoja kuanzia folio 1.

Wako mtiifu,
Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Morogoro.