Simu ni simu, muziki upewe kifaa chake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua ndefu mnazikata ila hii msiikate sana maana imenikaa rohoni tangu Jumamosi. Kwenye ukurasa wenu wa teknolojia mwandishi wenu kaandika kwamba vile vidude vya kusikilizia muziki, MP3, MP4, iPod na ndugu zao, vimeshakufa, na aliyebaki navyo kaachwa na wakati, eti siku hizi kila kitu kipo kwenye simu. Sasa mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, nimekaa kwenye mashine miaka ishirini na ushee, na kwenye droo ya mashine yangu, pale wenzangu wanapoweka bobini na vifungo, mimi nina vidude vitatu na viwili vinaimba mpaka leo. Mngekuja kuniuliza kabla hamjatangaza msiba.

Kwanza nirekebishe kitu kimoja. Mmeandika Apple ndio walioanza. Sio kweli. iPod ya kwanza imetangazwa Oktoba 2001, GB 5 kwa dola 399, lakini mwaka 1998 Wakorea walikuwa wameshatoa MPMan na Wamarekani wakafuata na Rio PMP300 yenye memori ya MB 32, yaani kama nusu saa ya muziki basi, nyimbo saba nane unazizungusha mpaka unazichukia. Na makampuni ya muziki kule Marekani yalikimbilia mahakamani kuizuia hiyo Rio isiuzwe, yakashindwa. Apple wao walikuta njia imeshafyekwa, walichofanya ni kuweka nafasi kubwa na lile gurudumu la kuzungusha kwa kidole gumba ambalo haki ya Mungu mpaka leo sijaona kitu rahisi kama lile.

Haya, na hivyo vyangu. Cha kwanza nilinunua 2008, MP4 ya Mchina, kwa machinga mmoja mjini, mgongoni imeandikwa GB 8 na mimi roho kwatu. Enzi zile wauzaji walikuwa wanakwambia MP4 ni toleo la juu la MP3, halafu ikaja MP5, halafu MP6, kama vile madarasa ya shule. Uongo mtupu, MP3 ni aina ya faili la sauti na MP4 ni aina ya faili linalobeba video na sauti, hakuna kupanda darasa hapo, na cha ajabu ile niliyonunua mimi ikiitwa MP4 haikuweza hata kucheza faili la MP4! Ilikuwa inataka video ibadilishwe iwe AMV, aina nyingine ya faili la video, na programu ya kubadilishia ilikuwa kwenye kaCD kadogo ka kwenye boksi, basi unaenda steshenari unalipia kompyuta kwa saa, unasubiri video ya dakika nne igeuzwe, ukiifungua kwenye kile kioo cha ukubwa wa stempu unakuta wachezaji wanarukaruka kama wamekanyaga siafu maana picha zimepunguzwa ili chipu iweze kuzimudu. Na bado nilikuwa naita watu waje waone.

Shida yenyewe ilikuja baada ya wiki mbili. Nimejaza nyimbo za zamani za dansi, zilipendwa, na taarabu kibao, majina yote nayaona yamejipanga vizuri, ila zaidi ya nusu ukibonyeza zinagoma au zinatoa mkwaruzo. Kijana wa steshenari ndio akanifungua macho. Ile GB 8 ilikuwa haipo, ndani kulikuwa na GB 1, ila chipu inayosimamia memori imefundishwa kudanganya. Ukipeleka nyimbo inazipokea zote na majina inayaandika, lakini zikishapita ile moja ya kweli ama zinaandikwa juu ya zilizotangulia ama zinapotelea hewani, na kompyuta haijui chochote. Mchezo huu bado upo Mhariri, siku hizi uko kwenye flashi na memori kadi, mtu anauziwa kadi kubwa kwa bei ya chapati halafu analaumu simu yake. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza kadi mpaka mwisho halafu inasoma tena kila kitu ilichoandika, kama kadi ni feki inakwambia ukweli ni kiasi gani. Kama huna kompyuta, jaza kadi mpaka iseme imejaa, halafu fungua zile nyimbo za katikati na za mwisho kabla hujaondoka dukani. Muuzaji akinuna mrudishie kadi yake.

Cha pili ni iPod, ile ya video ya GB 30, aliniletea shemeji yangu aliyekuwa anafanya kazi Maskati. Hiki ndicho kilichonitia kiburi. Kioo cha rangi cha inchi mbili na nusu, sauti nzito, nafasi huijazi hata ukiweka nyimbo za ukoo mzima. Ndani kuna diski kama ya kompyuta, inazunguka, na watu walikuwa wananitisha kwamba kwenye basi itakufa, kumbe ile inasoma nyimbo kadhaa kwa mpigo inaziweka kwenye memori ndogo, halafu diski inapumzika. Nimesafiri nayo Tanga hadi Mwanza haikukatakata hata mara moja.

Lakini kulea iPod ni kama kulea mtoto wa kitajiri, hali chakula cha kila mtu. Nyimbo huziburuzi tu ukazitupia ndani, lazima zipitie iTunes, na iTunes ikishaziweka inazificha kwenye folda isiyoonekana na kuzibatiza majina ya herufi nne nne, kwa hiyo jirani akikuomba wimbo huna cha kumpa. Sasa mimi sikuwa na kompyuta yangu, nilikuwa natumia ya kwa binamu. Siku moja binamu kasafiri, nikaenda kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, ikaniuliza swali refu kwa Kiingereza, nikabonyeza ndiyo. Kumbe iliniuliza kama nakubali kufuta vyote vilivyomo ili ifuate kompyuta hii mpya. Nyimbo zaidi ya elfu moja, zikiwemo kanda za marehemu baba nilizohamisha kutoka kwenye kaseti kwa shida, dakika moja hakuna kitu. Kosa langu, sikusoma, na yule mwenye kompyuta hakuwa na habari. Kaseti bado ninazo ila redio ya kuzichezea ndio haipo. iPod yenyewe nayo ipo, Apple waliacha kutengeneza ya mwisho Mei 2022 lakini yangu haijasikia hizo habari.

Cha tatu ndicho ninachokipenda, na watu wengi hawakijui. SanDisk Sansa Clip+, kidogo kama kiberiti, kina kibanio nyuma, mimi nakibana kwenye futi ninayovaa shingoni basi nimemaliza, wateja wanadhani ni kitu cha kupimia. Video hakina. Kioo chake ni aibu tupu. Lakini kina tundu la memori kadi, kina redio, kinarekodi sauti, na nyimbo unaburuza tu kama kwenye flashi, hakuna cha iTunes wala mjomba wake. Na kuna kitu kimoja sijakiona kwingine kwa bei ile, ukiweka faili kwenye folda ya podikasti, yaani vipindi virefu vya kusikiliza, kinakumbuka ulipoishia. Mimi mawaidha ya saa nzima nayaweka humo, mteja akiingia nazima, akiondoka nawasha, shehe anaendelea na sentensi yake. Mama watoto alivyoligundua hili Ramadhani moja alininyang'anya mwezi mzima.

Kasoro zake? Zipo. Ukibadilisha kadi kinaanza kujisomea kila wimbo upya, unaweza kwenda kunywa kahawa na kashata ukarudi hakijamaliza. Halafu kinapanga nyimbo kwa zile taarifa zilizofichwa ndani ya faili, jina la msanii na albamu, na nyimbo zetu tunazoingiziwa vibandani unajua zilivyo, msanii kaandikwa jina la kibanda na albamu ni namba ya simu ya mwenye kibanda. Kwa hiyo taarabu zangu zote zimeimbwa na kibanda kimoja. Nimeacha kutafuta kwa msanii, naenda kwenye folda.

Sasa mnaniambia simu inatosha. Simu ninayo, janja, siishi porini. Lakini Januari nikiwa na sare za shule mia na kitu, mguu upo kwenye pedali na mikono yote miwili ipo kwenye kitambaa, kidole kimoja kinapanda kwenye futi kinabonyeza bila jicho kutoka kwenye sindano. Simu inataka uitazame, uifute jasho, uifungue kwa namba, na ukifungua unakutana na meseji ya mteja anayeuliza suruali yake na tangazo la bando, muziki wenyewe ushausahau. Wimbo uko mahali patamu, simu inaita. Muamala umeingia, ting! Mtoto anataka kuchezea gemu. Halafu umeme ukikatika saa kumi na chaji ipo asilimia kumi na tano, unachagua nini, muziki au hela za wateja? Mimi pesa zangu zote ziko kwenye ile simu, siwezi kuiua kwa ajili ya zilipendwa.

Kwenye video hapo nakubali, sibishani. Simu imevipiga vidude vyote na haina mpinzani, kile kioo cha inchi mbili na nusu nilichokuwa najivunia leo kijana wangu wa kazi anakicheka. Na sisemi vidude havina vituko. Zune, kidude cha muziki cha Microsoft, zile za GB 30, tarehe 31 Desemba 2008 ziligoma kwa pamoja kwa sababu programu ya saa ilikwama kwenye siku ya 366 ya mwaka ule mrefu, na wenyewe wakaambiwa waache betri iishe wasubiri kesho yake. Hebu fikiria mtu na mkesha wake wa mwaka mpya.

Jambo la masikio nalo niliseme maana huyo huyo kijana wangu wa kazi anaweka sauti mpaka mimi niliyekaa upande wa pili nasikia maneno. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima asizidi desibeli 80, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa saa 40 kwa wiki, na fundi saa 40 anazimaliza Alhamisi. Kinachoponza ni zile hedifoni za bei rahisi zisizoziba sikio, kelele ya mashine ya ovaloki inaingia na wewe unaongeza sauti kuishinda. Nunua za mpira zinazoziba, utapunguza mwenyewe. Mimi naweka sikio moja tu, jingine la wateja.

Na kama mwandishi wenu bado anabisha, apande gari aende Handeni au Lushoto siku ya gulio. Atakuta wazee wana viredio vidogo vya memori kadi, vina tochi na redio, wanalimia navyo, wanachungia navyo. Kile ni nini kama sio MP3 iliyovaa koti la redio?

Mwisho nina ombi kwa wasomaji. Betri ya Clip+ yangu siku hizi haimalizi hata saa nne, na imechomelewa ndani kwa risasi, kifuniko chenyewe kimebanwa hakina skrubu. Fundi simu wawili hapa mjini wamekataa kuigusa. Kama kuna msomaji Tanga au hata Dar anayemjua mtu mwenye mkono mwepesi, aandike hapa hapa gazetini, mimi nitaona, Jumamosi huwa nanunua. Suruali moja nitamshonea bure.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga