Wilson alikuwa mama

Nairobi West, Jumapili jioni

Mwanahamisi mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima wote. Mama anakusalimu, na anauliza kama bado unapika samaki wa kupaka kwa mkono ule ule.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu juzi. Unakumbuka tulivyokuwa tukipanda ukuta wa nyuma, tukizipungia ndege ndogo za uwanja wa Wilson na kuziomba zituletee mtoto? Miaka yote ile nilidhani Wilson ni bwana fulani, gavana au askari. Kumbe alikuwa mama! Florence Kerr Wilson, mjane mwenye mali, ndiye aliyetoa fedha za kuanzisha shirika la ndege la Wilson Airways hapa Nairobi mwaka 1929.

Rubani aliyemshawishi ni Tom Campbell Black. Ndege yao ya mwanzo ilikuwa Gipsy Moth, yenye mabawa ya mbao na kitambaa, mawili juu na mawili chini, na viti viwili visivyo na paa. Huyu Campbell Black mwaka 1931 alimtafuta rubani Mjerumani, Ernst Udet, aliyekwama kwenye vinamasi vya Nile huko Sudan, akamkuta hai. Ndiye pia aliyemfundisha Beryl Markham, yule rubani mwanamke mashuhuri, kurusha ndege. Mwaka 1934 yeye na mwenzake wakashinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne. Miaka miwili baadaye akafa Liverpool, ndege yake ikiwa bado ardhini, ilipogongwa na nyingine. Niliyarudia maneno hayo mara tatu. Kuvuka nyika na majangwa yote yale, kisha mauti yakukute magurudumu yako yakiwa kwenye nyasi!

Lakini kilichonigusa zaidi ni habari ya barua. Mwishoni mwa Februari 1931 Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, ilianza safari ya kuleta barua kutoka London hadi Mwanza, njiani ikitua Kisumu. Ndege kubwa ile haikuweza kwenda kila mji, ndipo Wilson Airways ikawa ya kuupokea mzigo na kuusambaza: Nairobi, Mombasa, kisha kushuka na pwani hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Ndiyo, Tanga yako hiyo! Barua ya Ulaya iliyozoea kukaa wiki kadhaa ndani ya meli sasa ilihesabiwa siku. Nawaza karani wa posta hapo kwenu akiusikia mngurumo, akitoka nje na kuangalia upande wa bahari.

Baadaye zikaja ndege za injini mbili, Dragon na Dragon Rapide, nyepesi za kutosha kutua kwenye kipande cha nyasi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni hafifu, na jua likiwaka inazidi kuwa hafifu. Ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, kwa hiyo kila kilo ina hesabu yake. Hata leo marubani wa hapa wanapenda kuondoka asubuhi na mapema.

Sitakudanganya kwamba zilikuwa ndege za watu wetu. Abiria walikuwa hasa walowezi, maafisa wa serikali na watalii wa kuwinda. Na viwanja vile vya porini, ni nani aliyefyeka nyasi na kung'oa visiki? Nani aliyefukuza pundamilia ndege ilipoonekana? Hao hawakupewa uwanja wa kuitwa kwa majina yao, na jambo hilo linaniuma.

Shirika lenyewe halikufika mbali. Vita vilipoanza mwaka 1939, serikali ilichukua ndege na marubani wake, na baada ya vita halikurudi tena. Mwaka 1946 ikazaliwa East African Airways, ile ya baba zetu, iliyokufa 1977. Uwanja ndio uliobaki. Ulikuwa ukiitwa Nairobi West, kama mtaa wetu, mpaka 1962 ulipopewa jina la yule mama.

Jana nilisimama kwenye ua wa uwanja huo, upande wa barabara ya Lang'ata. Ndege moja ya madaktari wa AMREF, shirika la afya lililoanzishwa 1957, ilitua na gari la wagonjwa likaisogelea pole pole. Nyuma yake nyingine ilikuwa ikipakiwa magunia. Kazi ni ile ile ya mwaka 1931: kufika pale ambapo barabara haifiki, au inafika kwa kuchelewa.

Nina ombi. Baba mkwe wako alifanya kazi posta ya Tanga, na kama sikosei baba yake pia. Kaa naye siku moja baada ya alasiri, umuulize kama mzee wake aliwahi kumsimulia kuhusu ndege ya barua, na ilitua wapi hasa. Uniandikie kila atakachosema, hata kama ni kidogo.

Wako,
Zuhura