Mosconi Cup ifunguliwe kwa Amerika yote

Ndugu Mhariri,

Sisi tunaofuatilia pool ya mipira tisa tumechoka kuitazama Mosconi Cup, pambano la kila mwaka kati ya Marekani na Ulaya, tukiwa tumeshamjua mshindi. Kuanzia 2010 hadi 2024 Marekani imeifunga Ulaya mara mbili tu, 2018 na 2019. Gofu nayo iliwahi kukwama hivyohivyo: Ryder Cup ilikuwa mteremko kwa Marekani hadi 1979, Uingereza na Ireland zilipoongezewa wachezaji wa bara zima la Ulaya. Safari hii anayehitaji kubebwa ni Marekani mwenyewe (dunia duara!), basi aongezewe Kanada na Amerika Kusini. Huko nako wapo wanaojua kushika fimbo.

Halafu mechi ya anayetangulia kushinda michezo mitano ni fupi mno. Mpira mweupe ukitumbukia kwenye pigo la kufungulia, mpinzani anasafisha meza, nawe umekaa kitini unaipaka chaki fimbo isiyopata zamu. Iwe saba, hata kama wenye televisheni watanuna.

Na wanawake je? Mashindano yalipoanza mwaka 1994 walikuwemo vikosini. Warudishwe, walau mmoja kila upande.

Mpenzi wa pool,
Dar es Salaam