Skrini isiyopimwa humzulia mtu ugonjwa

Mhariri,

Vijana wanaosoma sayansi huambiwa kwamba fundi sanifu wa maabara ya utafiti wa kuona kazi yake ni kuwasha mashine. Naomba nafasi nieleze kazi hiyo kupitia kipimo kimoja, cha muda ambao ishara ya jicho huchukua kufika ubongoni.

Mtu huketi mbele ya skrini yenye miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Kila nusu sekunde rangi hubadilishana, naye hukazia alama ya katikati kwa jicho moja, la pili limefunikwa. Elektrodi ya kisogoni hunasa umeme wa ubongo, mikrovolti chache tu, kwa hiyo mabadiliko 50 au zaidi huchukuliwa wastani, kisha kipimo hurudiwa. Kwa mtu mzima mwenye neva salama, kilele cha wimbi hilo la umeme huja milisekunde 100 hivi baada ya rangi kubadilishana. Kikichelewa, daktari huishuku neva ya jicho.

Elektrodi haikisiwi mahali pake. Pima kwa utepe kutoka mzizi wa pua hadi kinundu cha kisogo. Ukipata sentimeta 36, panda sentimeta 3.6 juu ya kinundu. Sugua ngozi kwa geli hadi ukinzani wake dhidi ya umeme ushuke chini ya kiloomu 5. Hapo ndipo nywele zetu zinapohitaji fundi anayezijua. Pasta ya kushikizia elektrodi ikikaa juu ya msuko au mafuta, haishiki ngozi, na umeme wa ukutani wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, unaingia kwenye kipimo. Usikimbilie kichujio cha hezi 50, maana kinaweza kupotosha umbo la wimbi lenyewe. Mpigie mhusika mapema aoshe nywele, asipake mafuta. Aliyesuka twende kilioni si tatizo, mradi njia moja ipite katikati ya kichwa mpaka kisogoni.

Umbali wa sentimeta 57 kati ya jicho na skrini unafaa kwa sababu hapo sentimeta 1 ya skrini ni takriban digrii 1 ya pembe ya kuona. Mwenye miwani ya kuonea umbali huo aivae.

Kosa linaloniuma zaidi ni la skrini. Ile inayochora picha mara 60 kwa sekunde hutumia karibu milisekunde 17 kwa kila picha, ikianzia juu kushuka chini. Isitoshe, skrini bapa nyingi huichakata picha kwanza ndipo ziionyeshe, jambo ambalo zile za chogo hazikuwa nalo. Kompyuta inaandika “sasa” wakati jicho bado halijaona kitu. Ikichelewa picha moja tu, milisekunde 100 inasomeka 117, na macho yote mawili yanaonekana mabovu.

Dawa yake ni kihisi kidogo cha mwanga, kibandikwe katikati ya skrini na waya wake uingie kwenye kikuza mawimbi kilekile cha elektrodi. Ucheleweshaji utaonekana wazi, uutoe kwenye hesabu. Ukibadilisha skrini, mpangilio wake au programu, pima upya.

Nawaomba wanaoandaa orodha za vifaa vya maabara mpya wakitaje kihisi hicho kwa jina. Na kila karatasi ya majibu ionyeshe ucheleweshaji uliopimwa na tarehe yake, kama mizani ya sokoni inavyobeba muhuri wa Wakala wa Vipimo.

Fundi sanifu wa maabara,
Dar es Salaam