Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: Unguja na Marekani hawakuanza kujuana 1961

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Bibi yangu alipokuwa akinituma dukani nikamletee merikani, hakuwa na shida na nchi ya watu. Alitaka kitambaa: kile cha pamba kisichopaushwa, kigumu kidogo mkononi, cha kushonea foronya na mfuko wa godoro la sufi. Nilishakuwa mtu mzima nilipojua kwamba kitambaa kile kiliitwa hivyo kwa sababu kweli kilitoka Marekani, kikiletwa Unguja na merikebu za Salem, mji wa bandari wa Massachusetts. Neno la dukani lilikuwa limehifadhi historia ambayo shuleni sikufundishwa.

Ninakuandikia kwa sababu hotuba zetu nazo haziisemi. Unapotajwa uhusiano wa Tanzania na Marekani, hesabu huanzia Desemba 1961, kisha huja Mwalimu na Rais Kennedy kule Washington Julai 1963, kisha misaada. Kwa Tanganyika hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Lakini wizara yako ni ya Jamhuri ya Muungano, na upande wa pili wa Muungano huu ulikuwa na konseli (balozi mdogo) wa Kimarekani tangu 1837.

Niruhusu nianze na Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire. Alikuja Unguja mwishoni mwa miaka ya 1820, mali yake ikiwa imempukutika, akitafuta pa kuanzia upya. Akazungumza na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, akaona mlango. Bahati yake, mtu aliyejuana naye vizuri, Levi Woodbury, akawa waziri wa jeshi la majini la Marekani. Mwaka 1832 Rais Andrew Jackson akamtuma Roberts kama mjumbe maalumu ndani ya manowari Peacock, na tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ukatiwa saini Muscat.

Wapo watakaosema: basi huo ni mkataba wa Oman, sisi yetu nini? Naomba wausome. Unaruhusu Wamarekani kuuza bidhaa zao katika bandari zote za Sayyid kwa ushuru wa asilimia 5, ila bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali peke yake. Unguja imetajwa kwa jina. Huweki sharti kama hilo juu ya mahali pasipo na maana kwako.

Kifungu ninachokipenda zaidi ni kile cha mabaharia. Kinasema merikebu ya Kimarekani ikivunjika katika pwani za Sayyid, watakaookoka watatunzwa na kukirimiwa kwa gharama yake mpaka wapate njia ya kurudi kwao, kwa kuwa yeye hawezi kupokea malipo kwa kumsaidia aliyefikwa na shida. Huu ni ustaarabu wa pwani ulioingizwa katika sheria ya kimataifa. Na Mungu si Athumani: Septemba 1835 Peacock hiyohiyo, ikirudi na hati zilizoridhiwa, ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah. Roberts akaingia mashua ndogo mpaka Muscat, na msaada ukatoka kwa mtu yuleyule aliyeahidi kutodai malipo.

Miaka miwili baadaye akafika Unguja Richard Waters wa Salem, konseli wa kwanza. Wakati ule konseli alikuwa pia mchuuzi, na Waters alifanya biashara kubwa pamoja na Jairam Shivji, mwenye forodha. Majora ya merikani yalishuka. Pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi zikapanda. Merikani ikawa fedha ya bara. Msafara uliokwenda Tabora na Ujiji ulibeba vitambaa na shanga kwa sababu ndivyo vilivyonunua chakula na kulipia hongo za njia. Pembe zilizoishia Connecticut zilikatwa vipande vya funguo za piano. Sandarusi ya mrima ikawa vanishi.

Halafu ikaja mwaka 1840. Sayyid Said akatuma merikebu yake, Sultana, iliyoundwa Bombay. Iling'oa nanga Unguja mwanzoni mwa mwaka na kuingia New York tarehe 30 Aprili, ikiwa na tende, pembe, karafuu, kahawa na mazulia. Mjumbe alikuwa Ahmad bin Na'aman. Watu wa New York walimiminika bandarini kuitazama, wakubwa wa mji wakamkirimu mgeni na kumpandisha garimoshi. Mchoraji Edward Mooney akamchora akiwa na kilemba chake. Zawadi kwa Rais Martin Van Buren zilikuwa farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mafuta ya waridi, mashali na upanga wa dhahabu. Rais akajibu kwamba katiba haimruhusu kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni bila idhini ya bunge lao. Mwishowe Bunge likaamua zipokewe kwa niaba ya taifa, na farasi wakauzwa. (Ningependa kujua kama Sayyid aliambiwa kuhusu farasi wake.) Nao, kwa kurudisha wema, wakaitengeneza Sultana katika karakana ya jeshi lao la majini bila kudai hata senti.

Wenzetu wa Oman wanaijua safari hii kwa moyo. Wanamtaja Ahmad bin Na'aman kuwa miongoni mwa wajumbe wa kwanza wa Kiarabu kufika Marekani, na wana haki yao. Lakini karafuu zile hazikuota Muscat. Nasi tungekuwa na la kusema, kama tungesema.

Sikuandikii ili upambe hotuba, Mheshimiwa. Kama tunaisimulia habari hii, tuisimulie na uchungu wake. Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, ikafumwa Massachusetts, ikaletwa hapa kununua pembe ambazo mara nyingi zilibebwa na watu waliotekwa, katika kisiwa ambacho karafuu zake zilichumwa na watumwa. Utumwa ulikuwa ncha zote mbili za jora moja. Waters aliuchukia, na shajara yake inasema hivyo, lakini kila siku alikuwa forodhani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoikata pamba ile, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi. Wenye maduka waliendelea kuviita merikani.

Wala tusiruke miaka ya karibu kwa kuogopa kumuudhi mgeni. Kituo cha Mercury, mpango wa Marekani wa kupeleka watu angani, kilichowekwa Unguja kilifuatilia safari ya John Glenn angani Februari 1962. Miaka miwili baadaye, baada ya Mapinduzi, serikali ikaamuru kiondolewe. Januari 1964 manowari ilikuja kuwachukua raia wa Kimarekani, na siku chache baadaye mwakilishi wao akafukuzwa. Januari 1965 akaamriwa kuondoka konseli Frank Carlucci, kwa tuhuma za njama zilizotokana na mazungumzo ya simu, ambayo Wamarekani walisema yalieleweka vibaya. Huyo baadaye akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Mambo haya yametokea, na marafiki wa kweli huyazungumza.

Sasa ombi langu. Tarehe 21 Septemba 2033 mkataba ule utatimiza miaka 200. Muscat na Washington hawatahitaji kukumbushwa. Sisi tunahitaji kuanza mapema, na kazi yenyewe haihitaji mnara wala tamasha. Barua za makonseli wa Unguja, tangu 1836, zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani. Karatasi za Waters na za wafanyabiashara wenzake zimo katika maktaba ya jumba la makumbusho la Salem, ambayo sasa iko Rowley, Massachusetts. Wizara yako ndiyo yenye mlango wa kuomba nakala zake za kidijitali ziwekwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani, mwanafunzi wa Makunduchi au Wete azisome kwa simu. Na zisiishie hapo. Zitafutwe fedha za kutafsiri hata barua mia moja kwa Kiswahili, maana humo ndani wamo manahodha, wapagazi, mabanyani wa forodhani na wanawake waliouziwa vitambaa, na wajukuu wao hawajui kwamba waliandikwa.

Balozi wetu Washington akipata nafasi, aende Salem akaitazame picha ya Ahmad bin Na'aman. Na yeyote atakayeandika hotuba ya 2033, naomba aliweke neno merikani, kwa maana ile ya dukani.

Wako mtiifu,
Mwananchi, Mji Mkongwe, Unguja