Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: kwadi isimkimbilie mnyama aliye hai

Keko, Dar es Salaam

Mheshimiwa Waziri,

Salaam nyingi kutoka gereji ya chini ya mwembe. Zamani wizara yako ilipokuwa Mpingo House, hapa Barabara ya Nyerere, barua hii ningeileta mwenyewe kwa miguu, nikamwachia mlinzi wa getini na kurudi kabla chai yangu haijapoa. Sasa mko Mtumba, Dodoma, na nauli ya kwenda kukaa kwenye benchi la mapokezi sina. Kwa hiyo naiandika wazi, aisome mwenye macho, na ikikufikia nitashukuru.

Wiki mbili zilizopita bwana mmoja aliniletea kwadi mbili. Kwadi ni zile pikipiki za magurudumu manne ambazo vijana huzikodisha ufukweni siku za sikukuu, watoto wakapigwa picha juu yake. Hizi za bwana huyu hazikuwa za ufukweni. Zilikuwa na matairi manene yanayotaka upepo kidogo, zimepakwa rangi ya majani makavu, na alitaka mambo matatu: nipunguze kelele ya ekzosi, nifunge taa kali ya mbele, na nichomelee vishikio vya bunduki kwenye usukani. Nikamuuliza zinakwenda wapi. Akasema kitaluni, yaani kwenye eneo lililotengwa kwa uwindaji, msimu unafunguliwa Julai mosi.

Ya kwanza niliimaliza. Nilichukua pesa, siwezi kujifanya sikuchukua. Ada ya shule haingoji mtu amalize kutafakari. Lakini usiku nikawa naviwaza vile vishikio. Bunduki inayosafirishwa hulala kwenye mkoba wake, nyuma, haina risasi. Iliyosimamishwa mbele ya usukani imewekwa pale ichomolewe haraka. Ukiongeza ekzosi isiyosikika na taa ya usiku, wakati kuwinda usiku kumekatazwa, hata fundi asiyejua pori ataelewa chombo kile kimeandaliwa kazi gani.

Na mimi pori nalijua kidogo. Kabla ya gereji niliendesha Land Cruiser za uwindaji misimu tisa, upande wa Liwale, Pori la Akiba la Selous likiwa bado Selous nzima. Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Alfajiri tunatoka kambini, mgeni aliyelipia kuwinda na mwindaji bingwa anayemwongoza wamekaa kule juu kwenye viti, traka, yaani wafuata nyayo, wamesimama nyuma, askari wanyamapori pembeni yao na karatasi zake. Tunakwenda taratibu mpaka traka apige bodi mara mbili kwa kiganja. Nasimama, nazima. Wanashuka, wanashika nyayo, wanaondoka. Mimi nabaki na mbung'o. Anayewajua mbung'o atanielewa nikisema hao ndio walioniondoa kwenye ile kazi, maana mdudu yule anapenda kitu kikubwa kinachotembea, na gari kwake ni nyati.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka gari libaki nyuma: hupigi mnyama ukiwa ndani ya mita 200 kutoka lilipo. Wageni wengine walikuwa wakinung'unika, hasa wale wa tumbo kubwa. Lakini mita zile 200 kwa kawaida ziligeuka kilomita sita, kumi, siku nzima. Mzee mmoja wa Kingindo tuliyefanya naye kazi aliwahi kufuata pofu, wale wanyama wakubwa wa jamii ya swala, tangu jua linachomoza mpaka saa tisa alasiri, akaokota kinyesi, akakivunja, akakitia puani, akasema, "Hawa wametuchoka, turudi." Tukarudi mikono mitupu, na mgeni alilipa siku ile kama siku nyingine. Hayo ndiyo mawindo.

Sasa nikutetee kwadi, kwa sababu nisipofanya hivyo utasema fundi huyu ana chuki ya mashine, na mashine ndizo zinanilisha.

Kuna nyati mmoja dume alianguka saa kumi na moja jioni ndani ya korongo ambalo gari halikuweza kuvuka. Dume kama lile ni zaidi ya nusu tani. Traka mmoja alimuwahi na kisu, akasoma bismillah, akachinja ili nyama iwe halali kwa kambi na kwa kijiji. Wachunaji wakachuna kwa tochi. Tukabeba kwa mizegazega, watu wanane, kila safari karibu saa moja na nusu kwenda na kurudi. Safari ya tatu tulikuta fisi wamekwisha kufika, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana nao gizani. Mbavu zilibaki, shingo ikabaki, na kijiji kilichokuwa kinangoja mgawo kilipata pungufu. Kwadi moja yenye kitoroli nyuma ingeifuata nyama ile yote kabla ya isha. Ukiniuliza leo kama ingekuwa dhambi kuiingiza korongoni siku ile, nakujibu hapana. Nyati alikuwa amekwisha kufa. Hakuna aliyekuwa anamkimbiza.

Namkumbuka pia mgeni mmoja mwenye mguu wa bandia, mtu mpole, aliyewinda vizuri kuliko wengi wenye miguu miwili. Huyo kumnyima chombo cha kumsogeza ni ukatili. Askari wa doria nao wapewe kwadi nyingi kadiri bajeti inavyoruhusu. Jangili akisikia injini yao, na asikie.

Tatizo langu ni pale kwadi inapoanza kutafuta mnyama aliye hai.

Land Cruiser ina kiburi lakini ina mipaka. Kwenye kichaka haipiti, kwenye korongo haishuki, na mnyama anaisikia kutoka mbali. Mita 200 ziliandikwa kwa ajili ya chombo cha namna hiyo. Kwadi inapita panapopita mguu wa mtu. Anayeiendesha anaweza kumzunguka mnyama, akamkatia njia, akamchosha, halafu akashuka, akapiga hatua zake mia mbili na ushee, na kwenye karatasi hakuna kosa.

Halafu kuna jambo ambalo sijaona mtu akiliandika, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwenye Land Cruiser watu saba wanaona kinachotendeka, na mmoja wao ni askari wanyamapori, aliyewekwa pale na sheria aone. Kwadi inabeba watu wawili. Mgeni atapanda, mwindaji bingwa atapanda, bunduki iko kwenye kishikio nilichochomelea mimi. Askari atapanda wapi? Atabaki kwenye gari na dereva, wakipigana na mbung'o, wakisikiliza mlio wa risasi kutoka ng'ambo ya kilima. Baadaye ataletewa pembe na kuambiwa ajaze fomu.

Unakumbuka mwaka 2014. Waziri wa wakati ule, Lazaro Nyalandu, alifuta leseni ya kampuni moja baada ya nchi nzima kuona video ya wageni wakiwinda kwa kukiuka sheria, wanyama wakifukuzwa kwa magari. Magari makubwa yale, yenye watu wengi juu, na bado ilibidi video ivuje ndipo tujue. Kwenye kwadi nani atarekodi?

Angalia na suala la simba. Kanuni zetu zinataka dume awe ametimiza miaka 6 ndipo awindwe. Umri huo unasomwa kwenye pua, kwenye manyoya ya shingo, kwenye meno akipiga mwayo, na unasomwa kutoka kwenye kificho, kimya, chambo kikiwa mtini, pengine siku tatu mfululizo. Simba anayekimbia mbele ya injini umri wake hausomeki. Utaujua akishalala chini, na hapo umechelewa.

Mambo ya kiufundi nitayataja haraka, maana hayo wataalamu wako wanayajua. Nyasi za Agosti ni petroli iliyosimama; mabua yanajisokota kwenye ekzosi ya moto, na moto wa msituni hauulizi ulianzia kwa nani. Mashimo ya muhanga hayaonekani ndani ya nyasi, gurudumu moja likizama kwadi inampindukia mwendeshaji na uzito wake wote, na bunduki yenye risasi ikiwa kifuani kwake. Wamarekani waliziondoa sokoni zile za magurudumu matatu mwaka 1988 kwa ajali za namna hiyo. Hizi za magurudumu manne zina nafuu, lakini si sana.

Njia ndiyo inayonitia hofu zaidi. Gari likipita mara moja nyasi zinasimama. Kwadi ikipita kila siku mahali pamoja, tena kwenye udongo mweusi wa mbugani baada ya mvua za vuli, inaacha kijia cha kudumu, na kipana cha kutosha bodaboda. Msimu ukifungwa kambi inahama, kijia kinabaki. Atakayekuja nacho hana kibali cha nyamapori, na nyuma yake yupo wa mkaa. Hesabu ya mwaka 1976 ilikuta Selous na maeneo yake tembo zaidi ya 109,000. Ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000. Sisemi njia ndizo zilizoua tembo. Bunduki ndizo zilizoua. Lakini pembe zile hazikutoka porini zikitembea zenyewe.

Tangu 2019 sehemu kubwa ya Selous imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na vitalu vya uwindaji vimepakana nayo. Upande mmoja mgeni analipa ili gari limsogelee tembo asikimbie. Upande wa pili kwadi itamfundisha tembo huyohuyo kwamba mlio wa injini ni kifo. Tembo hasomi kibao cha mpaka. Hilo ni suala la hazina, Mheshimiwa, hata ukiliacha la huruma.

Huko Marekani ambako mashine hizi zimejaa, ugomvi huu una zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1972 Rais Nixon alitoa amri ya kudhibiti magari yanayotoka nje ya barabara kwenye ardhi ya serikali yao kuu. Mwaka 2005 idara yao ya misitu ikatoa kanuni kwamba vyombo vya moto vipite kwenye njia zilizoteuliwa na kuchorwa kwenye ramani, na ikaacha nafasi ya mwindaji kuruhusiwa, kwa umbali uliowekwa kutoka njiani, kwenda kuchukua mnyama mkubwa aliyekwisha kumuua kihalali. Bado wanagombana. Mzee mwenye goti bovu analalamika kwamba anafungiwa msitu aliozoea, na aliyetembea tangu usiku analalamika kwamba kulungu wake amefukuzwa na mtu aliyekaa kitako. Hata hivyo wametenganisha kumtafuta mnyama na kumbeba mnyama, na hapo ndipo nataka na sisi tuanzie.

Ombi langu, basi. Kanuni iseme kwa Kiswahili kisicho na mlango wa nyuma kwamba kwadi ni gari, na mita 200 zinaihusu. Iseme kwamba kitaluni kwadi inawashwa baada ya mnyama kufa na askari wanyamapori kumwona kwa macho yake amekufa; inakwenda kuchukua nyama na kurudi kwa njia ileile iliyoendea, bila bunduki juu yake. Vishikio vya silaha vipigwe marufuku kabisa, na mafundi tuambiwe, kwa sababu hakuna aliyewahi kuja kwenye gereji za Keko au za mtaa wa Gerezani kutueleza nini tusichomelee. Kila kwadi ya kitaluni iandikwe namba kubwa ubavuni, TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, iwe nayo kwenye daftari. Mwenye ulemavu apewe kibali chake kwa jina, na askari akae kwenye kwadi ya pili nyuma yake. Gharama ya hiyo ya pili ailipe mwenye kitalu. Anayeweza kununua kitalu kwenye mnada wa mtandaoni hawezi kushindwa na kwadi moja.

Sikuombi ufunge uwindaji. Serikali ilishawahi kuufunga mwaka 1973 na ukarudi 1978, na mimi nimekula mkate wake. Traka vijana wapo Liwale, wapo Namtumbo, wamefundishwa kusoma ardhi na baba zao, na kazi yao ina thamani kwa kuwa mnyama hapatikani bila wao. Mgeni akipata kifaa cha kumfikisha kwa mnyama bila kusoma chochote, yule mzee aliyevunja kinyesi cha pofu akajua tumechelewa, mjukuu wake atakuja mjini kuendesha bodaboda. Wengine wameshakuja. Mmoja ninamrekebishia klachi.

Kwadi ya pili ya yule bwana bado iko hapa chini ya mwembe, imefunikwa turubai. Kazi yote imekwisha isipokuwa vishikio. Anakuja Jumamosi. Nimemwambia kwa simu kwamba vijiti vya kuchomelea vimeniishia, na ninavyo boksi zima.

Wasalaam,

Fundi wa gereji, Keko
Dereva wa zamani wa safari za uwindaji